Pikipiki yetu: tujifunze kwanza kusimama



Wiki iliyopita tuliwaahidi kuendelea na habari ya watoto wanaosoma usiku kwa mwanga wa simu. Mtusamehe, habari hiyo itakuja wiki ijayo. Leo sherti tuongee juu ya pikipiki ya kikundi. Katika mkutano uliopita swali liliwekwa mezani na hakuna aliyelijibu: tuiuze, ao tubaki nayo?

Kwa wale ambao hawakufika, tueleze kidogo. Pikipiki hiyo tuliinunua kwa pesa ya likelemba, tukaongeza faida ya maharagi na sabuni. Ilituchukua zaidi ya mwaka mmoja. Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kubeba bidhaa zetu kati ya soko la Kadutu na nyumbani bila kuacha nusu ya faida njiani. Ya pili mnaijua wote: mwanamke anaposhikwa na uchungu usiku, huku kwetu juu kilimani, motari anayekubali kupanda ni wa shida, na akikubali, bei yake inatoa machozi. Wanne kati yetu tukasema tutajifunza kuiendesha: muuguzi, mshonaji, mwenzetu anayeuza sambaza, na mwalimu wa ukurasa huu.

Kijana mmoja wa mtaa, motari, alitufundisha kwa moyo mzuri muda wa siku mbili. Alituonyesha kuwasha, kushika ambreyaji kwa mkono wa kushoto, kuingiza vitesi, kuongeza gazi. Siku ya pili tulikuwa tunazunguka uwanja huku tukicheka, na watoto wakitukimbilia nyuma. Tukajiona tumemaliza masomo.

Jumapili mbili baadaye, mwenzetu wa sambaza alimpakia binti yake wa miaka 6 ili waende kumsalimu bibi. Aliendesha vizuri, bila fujo. Alipofika kwenye njia panda alisimama ili lori lipite. Hapo barabara inapanda, na pembeni kuna mfereji. Aliteremsha mguu wa kuume kutafuta chini, na chini hakukuwako: mguu ulikuwa hewani, juu ya mfereji. Pikipiki ikalala upande wa kuume, polepole kabisa, na bomba la moshi likaukuta mguu wa mtoto.

Lori halikuwagusa. Hakuna aliyewagonga. Hapakuwa na mwendo hata kidogo. Walianguka wakiwa wamesimama.

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya moto ule, kwani kila mama anaweza kulihitaji kesho jikoni. Majirani walikuja mbio na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya mawese. Muuguzi wetu aliwazuia wote. Alimwagia mtoto maji safi ya baridi juu ya kidonda, yakitiririka taratibu, kwa dakika 20. Si barafu, ni maji tu. Kisha akafunika kwa kitambaa safi bila kukaza, wakaenda kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga, vyote hivyo vinashika joto ndani na kuleta uchafu. Malengelenge yasipasuliwe. Kidonda kinapona sasa, tunamshukuru Mungu, lakini alama itabaki.

Tangu siku hiyo mwenzetu alisema hatagusa tena pikipiki. Mume wake alisema mengi zaidi. Na katika mkutano kuna waliosema kwa sauti ndogo kile walichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo: pikipiki si kitu cha wanawake.

Sisi watatu tuliobaki tuliketi tukajiuliza swali ambalo mwalimu anajiuliza mwanafunzi anaposhindwa mtihani: ameshindwa yeye, ao somo halikufundishwa? Jibu lilituuma. Somo halikufundishwa. Kijana yule alitufundisha kuondoka. Kusimama hakutufundisha, na sisi hatukumwuliza, kwa sababu tulidhani kusimama kunajifanya kwenyewe.

Kwa nini kusimama ni kugumu kuliko kukimbia

Mmewaona watoto wakisukuma tairi kuukuu kwa fimbo. Tairi ikikimbia inakaa wima, hata juu ya mawe. Ikipunguza mwendo inaanza kuyumba. Ikisimama inalala. Pikipiki ni hivyohivyo. Ikiwa katika mwendo, magurudumu yanakusaidia kuishikilia. Kadiri unavyopunguza, msaada unapungua, na pale unaposimama kabisa, hakuna tena kinachoishikilia isipokuwa mguu wako. Na pikipiki hizi ndogo tunazoziona mjini zina uzito wa zaidi ya kilo 100, bila abiria, bila mfuko wa mchele.

Wazee wanasema polepole ndio mwendo. Kwenye pikipiki, polepole ndiyo kazi yenyewe. Na katika mji wetu wa Bukavu, mji wa vilima, kusimama hakuna mwisho: lori linashuka, mbuzi anavuka, polisi ananyosha mkono, watoto wanatoka masomo, abiria anataka kushuka. Anayejua kukimbia tu hajui hata nusu ya safari.

Tulipokuwa tunasomea ualimu, tulifundishwa kwamba somo lianze na jambo rahisi kabla ya jambo gumu, na hatua moja isiruke nyingine. Basi tulimtafuta motari wa umri mkubwa, mtu ambaye ameendesha miaka mingi na miguu yake haina makovu. Tulimwomba atufundishe tena kama watoto wa mwaka wa kwanza. Alicheka, kisha akasema: «Zimeni kwanza.»

Hatua ya kwanza: pikipiki iliyozimwa

Tulienda mahali palipo sawa, pasipo na mteremko. Mmoja anashika usukani akiwa amesimama upande wa kushoto, mwingine anakaa tayari upande wa pili. Unainamisha pikipiki kidogo kuelekea kwako, unairudisha. Unaiinamisha tena, kidogo zaidi, unairudisha. Kuna mahali ambapo uzito ni mwepesi kabisa, kama debe la maji linapokaa sawasawa juu ya kichwa. Na kuna mahali ambapo, ukipita, nguvu zako hazitoshi tena. Sherti mwili wako uzijue sehemu hizo mbili ukiwa mahali salama, si siku ya lori.

Kisha unaitembeza kwa miguu, hatua 20 mbele, hatua 20 nyuma, vidole vikiwa juu ya freni ya mbele. Kisha unapanda na kukaa. Mshonaji wetu ni mfupi. Miguu yake miwili inagusa chini kwa vidole tu, na alikuwa anatetemeka. Mzee alimwambia asogeze kiuno upande wa kushoto wa kiti mpaka mguu wa kushoto ukanyage wote, kuanzia kisigino. Mguu mmoja uliokanyaga vizuri ni bora kuliko vidole vya miguu miwili.

Jambo lingine la siku hiyo: pikipiki ikishapita mahali pa kuirudisha, iache ianguke. Ondoa mguu, ruka pembeni. Chuma kinatengenezwa, goti la mama halina duka. Na ikishalala, zima kontakti kwanza. Kisha chuchumaa karibu nayo, mgongo ukiwa umenyooka, shika kwa nguvu, inua kwa mapaja wala si kwa kiuno. Ikiwa mko wawili, ni vizuri zaidi.

Siku hiyo yote hatukuwasha mashine hata mara moja. Watoto waliokuja kutazama waliondoka wakisema wamama wamenunua pikipiki mbovu.

Hatua ya pili: mpangilio wa kusimama

Tulichora mstari wa majivu chini. Kazi ilikuwa kwenda hatua 30, kisha kusimama gurudumu la mbele likiwa juu ya mstari, bila kuyumba. Tuliandika mpangilio kwenye karatasi, tukausoma kwa sauti kama shairi la darasani, mpaka ukaingia mwilini. Mwaweza kuukata na kuuweka ukutani:

1. Tazama nyuma kwenye kioo, kisha tazama chini pale mguu wako utakapokanyaga. Kuna shimo? Kuna mchanga? Kuna mfereji? Chagua mahali pengine mapema.

2. Acha gazi.

3. Kamua freni zote mbili taratibu, ya mbele kwa mkono wa kuume na ya nyuma kwa mguu wa kuume. Usizipige ghafla.

4. Shika ambreyaji, rudisha vitesi ya kwanza kabla hujasimama. Vitesi inabadilishwa kwa mguu wa kushoto, na mguu huo utauhitaji sasa hivi kwa kazi nyingine.

5. Usukani unyooke, macho yatazame mbele. Anayetazama gurudumu anaangukia gurudumuni.

6. Katika mwendo wa mwisho, ule wa mtu anayetembea, legeza freni ya mbele, malizia kwa ya nyuma. Ukibana freni ya mbele huku usukani umepinda, pikipiki inakutupa chini.

7. Pikipiki ikisimama, teremsha mguu wa kushoto. Wa kuume ubaki juu ya freni. Usiburute miguu chini kabla ya wakati, mguu unaweza kunaswa.

Tulijiuliza kwa nini mguu wa kushoto. Mzee alitupa sababu tatu. Kwanza, ukiteremsha wa kuume unaacha freni ya nyuma, na katika mlima pikipiki inaanza kurudi. Pili, huku kwetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo ukisimama pembeni, kuume kwako ndiko kuna mfereji. Barabara zenyewe zimetengenezwa zikiinama kuelekea pembeni ili maji ya mvua yashuke, kwa hiyo upande huo chini ni mbali zaidi hata pasipo na mfereji. Tatu, bomba la moshi liko kuume.

Tuliposikia sababu hizo tatu tulinyamaza. Kila mmoja alikuwa anawaza njia panda ile, na mguu wa kuume uliotafuta chini.

Hatua ya tatu: shindano la kuchelewa

Hapa tulicheka tena. Mnachora njia nyembamba, upana wa mikono miwili, urefu wa hatua 20. Mnashindana, na anayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini ndiye anayeshinda. Siri ni ambreyaji. Kuna mahali katikati, kati ya kuibana yote na kuiachia yote, ambapo mashine inavuta kidogo tu. Unakaa hapo, gazi kidogo isiyobadilika, na mguu wa kuume ukigusa freni ya nyuma kama unavyogusa nguo ya mtoto aliyelala. Macho mbali, mwishoni mwa njia. Mabega yalegee.

Mara za kwanza hakuna aliyevuka bila kuweka mguu. Siku ya nne, mshonaji wetu mfupi alitushinda wote. Yeye amezoea kuendesha cherehani kwa mguu, anajua kugusa bila kukanyaga. Baadaye tulipanga makopo ya tomati na kupita katikati yake, kushoto, kuume, kushoto. Mkishindwa, kopo linalia tu, hakuna anayeumia.

Hatua ya nne: mlima

Katika mji wetu hatua hii haiepukiki. Simama kwenye mteremko mdogo, uso ukitazama juu, mguu wa kuume juu ya freni, wa kushoto chini. Ongeza gazi kidogo. Achia ambreyaji polepole mpaka usikie pikipiki inainua mabega, inataka kwenda. Hapo ndipo unaachia freni, si kabla. Mashine ikizimika, bana freni zote mbili, pumua, anza upya. Anayekupigia honi nyuma angoje, hata yeye alijifunza siku moja.

Na ukiiegesha kwenye mteremko, iache ikitazama juu, katika vitesi ya kwanza. Ikitazama chini inaweza kujisukuma mbele, mguu wa kuisimamishia ukajikunja, ikaanguka juu ya watoto wanaocheza karibu.

Hatua ya tano: uzito wa mtu mwingine

Abiria wetu wa kwanza alikuwa mfuko wa mchanga. Tuliufunga kwa kamba za mpira, tukarudia hatua zote tangu ya pili. Mtaona tofauti papo hapo: freni inahitaji nafasi ndefu zaidi, na pikipiki ikiinama haisamehe. Abiria wa pili alikuwa mmoja wetu, mtu mzima anayejua kukaa kimya bila kujigeuza. Mtoto hayumo katika mazoezi. Hayumo kabisa.

Kwa sisi wengine tunaobebwa

Wengi kati yenu mnasema: mimi sitaendesha kamwe, somo hili si langu. Lakini nani kati yetu hapandi pikipiki? Na abiria pia anaweza kuangusha pikipiki iliyosimama.

Tusikilizane juu ya upande wa kushukia. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda wanaendesha upande wa kushoto. Kwao abiria anashuka kushoto, anakanyaga pembeni ya barabara, na bomba la moshi liko ng'ambo. Kwetu mambo yamegeuka: pembeni ya barabara ni kuume, na bomba liko hukohuko kuume. Abiria wa Kongo ana njia mbili, kushuka kushoto katikati ya magari, ao kushuka kuume juu ya bomba la moto. Ndiyo sababu miguu mingi ya wamama na watoto wetu ina ile alama ya duara tunayoifahamu.

Dawa ni kumwambia motari kabla ya kufika: «Kaka, ingia kabisa pembeni.» Asisimame barabarani, aingie mpaka magari yapite mbali na kushoto kwenu. Kisha:

Ngoja mpaka pikipiki isimame kabisa na motari akanyage chini. Sema «nashuka». Shika bega lake, geuza kichwa utazame nyuma, halafu shuka upande wa kushoto huku ukibaki karibu na pikipiki. Kama mahali ni pabaya na huna njia ila kushuka kuume, nyosha mguu mbali na bomba.

Ukiwa na mtoto, shuka wewe kwanza, kisha umwinue umteremshe kushoto. Asijishushe mwenyewe, kwani miguu yake mifupi itashuka ikipangusa bomba. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyagia, miguu hiyo inaning'inia jirani na moto na magurudumu. Tunajua kuna siku hakuna njia nyingine. Siku hiyo mvalishe suruali ndefu na viatu vilivyofungwa, na mkatae kupakiwa watatu ao wanne.

Patana bei kabla ya kupanda, na lipa ukiwa umeshashuka. Kutafuta franka ndani ya kikwembe ukiwa bado juu ya kiti, na motari akigeuka kutafuta chenji kwa mkono mmoja, hivyo ndivyo pikipiki zinavyolala.

Sasa kikwembe. Tunajua heshima ya kukaa upande mmoja. Lakini mama aliyekaa upande anaweka uzito wake mahali pamoja, na pale motari anaposimama na mguu mmoja chini, uzito huo unavuta. Ncha ya kikwembe nayo inaweza kuingia kwenye gurudumu ao mnyororo. Baadhi yetu tumeanza kuvaa suruali ndani, tunafungua kikwembe na kukikunja katika mfuko, tunakaa kama motari anavyokaa, kisha tunajifunga tena tukifika. Mwanzoni tuliona haya. Mama mkwe wa mmoja wetu aliuliza kuna nini. Alipoelezwa habari ya mtoto, alinyamaza, na juma lililofuata aliomba suruali yake.

Kaske nayo isiwe kitu cha kuogopa polisi tu. Shirika la Afya Duniani limewahi kusema kwamba kaske iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Vizuri maana yake imefungwa kidevuni. Msifikiri ni kwa mwendo mkali peke yake. Hata ukianguka umesimama, kichwa kinatoka juu kote kule mpaka kwenye jiwe. Anayeona shida ya kuvaa kaske ya watu wote ajifunge kitambaa safi ndani yake.

Tunarudi kwa swali

Jumamosi iliyopita, tukiwa katika shindano la kuchelewa, tulimwona mwenzetu wa sambaza ameketi juu ya jiwe, mbali kidogo, na binti yake karibu naye, mguu umefungwa kitambaa. Hatukumwita. Mwalimu wa ukurasa huu alipogonga kopo la tatu, mtoto alicheka kwa sauti. Baada ya muda mama yake alisimama, akaja mpaka kwenye mstari wa majivu. Akauliza jambo moja: «Mguu wa kushoto, kila mara?» Tukamjibu: kila mara, na kushoto kukiwa kubaya, unasogea mbele mpaka kuwe kuzuri. Akarudia neno hilo peke yake, «kushoto». Kisha alishika usukani wa pikipiki iliyozimwa, akaiinamisha, akairudisha. Hakupanda. Hakuna aliyemsukuma.

Alikuwa amejilaumu siku zote hizo kama mama aliyemchoma mtoto wake. Sisi tunasema mbele ya kikundi chote: kosa lile lilikuwa letu sote. Tulinunua pikipiki kwa mwaka mzima na tukajifunza kwa siku mbili.

Basi katika mkutano ujao sisi watatu tutapendekeza hivi. Pikipiki isiuzwe kwa sasa. Hakuna anayebeba mtu kabla ya kupita mtihani mbele ya wenzake: kusimama mara 10 juu ya mstari bila kuyumba, kuvuka njia nyembamba bila kuweka mguu, na kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Kubeba mama mwenye uchungu usiku, tungoje zaidi, na tukianza, awe na msindikizaji nyuma yake tu kama njia ni fupi na hali yake inaruhusu, ama sivyo tutafute gari. Na pesa kidogo ya kila mwezi iwekwe kando kwa freni, tairi na kaske mbili. Anayekataa mapendekezo haya aje aseme kwa sauti kubwa, tutamsikiliza. Anayesema kwa sauti ndogo pembeni, naye tunamwomba aje, maana hofu yake ni ya kweli.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni ndogo. Mara utakapopanda pikipiki, mwambie motari aingie pembeni kabisa kabla ya kushuka, utazame nyuma, ushuke taratibu. Ukirudi nyumbani, waonyeshe watoto bomba la moshi liko wapi na uwafundishe kuliogopa kama wanavyoogopa sufuria ya ugali. Kisha mje mtuambie motari alijibu nini. Wengine watanung'unika, wengine watasema «ndiyo mama». Tukisema sote, watazoea.

Wiki ijayo, mwanga wa simu na macho ya watoto wetu. Mbaki salama.